Nchi ya Nyuma ya Duka

Nyahanga, Kahama
21 Agosti 1986

Kwa kaka yangu mpendwa Athanas,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na wifi na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa Pasaka kimepoa. Ulifundisha katekisimu huku umekishika kama mtu anayeapa, watu tukacheka, lakini mimi nilirudi nyumbani na wasiwasi. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Goti langu linanilaumu kila ninapopiga magoti kanisani, ila bado linaniruhusu kusimama. Melania wangu amejifungua salama huko Tabora, mtoto wa kiume, na wamempa jina lako. Mumewe alitaka la babu yake, wakabishana kidogo, lakini unamjua Melania. Kwa hiyo hongera, umepata somo.

Barua hii anakuletea Onesmo, dereva wa lori linalochukua chumvi Isaka kuipeleka huko kwenu. Anakuletea pia kifurushi kidogo nilichokishona kwa kaniki. Nakuomba usikifungue kabla hujafika mwisho wa barua. Nakujua, kaka, wewe huanza kusoma huku mkono uko kwenye fundo.

Nina jambo la kukuomba, linamhusu mtu aliye njiani kuja huko, au pengine ameshafika. Lakini nikilisema hivi hivi utanikasirikia kabla hujanielewa. Nivumilie nianzie mbali.

Savita, binti wa marehemu mzee Pranlal, siku hizi tunamwita Mama Rajni. Tangu afiwe na mume amerudi kuliangalia lile duka la baba yake, ingawa cha kuangalia ni kidogo: viberiti, kaniki, chumvi, maharage anayonunua kwa wakulima, na rafu tupu anazozifuta vumbi kila asubuhi kana kwamba sabuni itarudi leo. Krismasi iliyopita mwanawe Rajnikant alikuja kumsalimu kutoka Uingereza. Akaja na sanduku la mchezo. Ndani mlikuwa na vijitabu, na dadu za ajabu, nyingine zina nyuso nyingi kama kito kilichochongwa. Akatukalisha kwenye meza ya kukatia vitambaa, akatueleza taratibu, kama mtu anayewaeleza watoto, kwamba huko Ulaya watu wazima wenye kazi zao hukaa kuizunguka meza. Mmoja anakuwa mwenye nchi, anasimulia wanachokiona, msitu, pango, joka. Wengine kila mmoja anabeba mtu wake, huyu askari, huyu mwizi, huyu mchawi, anasema mtu wake anafanya nini, kisha dadu inaamua kama amefaulu. Hakuna anayemshinda mwenzake. Safari inaendelea tu.

Kaka, Savita aliniangalia, nikamwangalia, tukaanza kucheka mpaka miwani yake ikaanguka. Kijana akanuna. Mama yake akamwambia kwamba kumbe amevushwa bahari kwa gharama zote zile ili akajifunze mchezo aliokuwa akiucheza mama yake juu ya magunia ya maharage.

Wewe huhitaji kukumbushwa, lakini acha niandike, kuandika kunanipa nguvu. Ile nchi uliianzisha wewe. Sisi watatu, wewe mwenye nchi, mimi na Savita wasafiri, nyuma ya duka la mzee Pranlal wakati mama yetu akiwafulia nguo. Tuliiita Nchi ya Nyuma ya Duka kwa sababu hatukuwa na akili ya jina jingine. Kulikuwa na ule mto unaorudi ulikotoka. Kulikuwa na mlima uliopasuka, upepo ukipita katikati unasikika kama watu wanaosengenya. Na yule bibi muuza uji penye njia tatu, asiyepokea fedha, anayetaka tu umweleze habari za kwenu. Kete zetu zilikuwa kauri ambazo mama yake Savita alizifumua kwenye pazia kuukuu. Na ile kanuni yako kaka, uliyoiweka mwaka alipofariki mama: kwamba katika nchi yetu mtu hafi maadamu kuna mmoja anayemtaja jina kwa sauti. Tuliicheza ile kanuni mwezi mzima. Kisha siku moja ukasema umechoka, ukaenda zako, na hukurudi tena nyuma ya duka. Sikuwahi kukuuliza. Nilijua.

Sasa kijana aliporudi kwake mwezi wa kwanza, alituachia dadu. Sisi tukabaki tunatazamana. Savita ndiye aliyeanza, akasema Jumamosi hakuna wateja hata hivyo. Kwa hiyo nikawa nikitoka kwenye rozari ya akina mama napitia dukani. Akaongezeka Donatus, fundi cherehani wa barazani kwake, yule mjane aliyestaafu reli. Alikuwa anatusikia kupitia dirishani, siku moja akaacha suruali ya mtu mguu mmoja, akaingia na kuuliza kama huko kwenye nchi hiyo wanahitaji askari. Mimi nikawa mwenye nchi, maana wewe hukuwepo na mimi ndiye niliyekuwa nimeikumbuka yote.

Nilifurahi kaka, sitakuficha. Mtu wa Donatus alikuwa jemadari ambaye kila anachokikuta anataka kukipiga, hata mti. Savita alikuwa mfanyabiashara yule yule wa utotoni, hapigi mtu, anapatana bei. Tulipofika kwa joka lisilolala linalolinda dhahabu, Donatus akashika mkuki, Savita akamwambia atulie, akaliuliza joka kama halijachoka kukesha miaka yote hiyo, na je litatoa kiasi gani likipata mtu wa kulilindia mali likasinzia kidogo. Donatus akalalamika kwamba wahindi hata joka watalikopesha. Savita akamjibu kwamba waliostaafu reli ndio wanaojua kusinzia kazini, basi yeye ndiye atakayewekwa zamu. Nilicheka hadi nikaona aibu. Mwanamke wa umri wangu, kiongozi wa jumuiya, watu hawana sukari, hawana sabuni, na mimi nimekaa navuka mito isiyokuwepo. Nilikwenda kuungama. Padre akaniuliza kama tunacheza kamari. Nikasema hapana. Akauliza kama kuna anayekasirika. Nikasema Donatus, kidogo. Akaniambia niende kwa amani. Lakini amani yenyewe sikwenda nayo mbali.

Kosa lilianzia kwenye zile dadu. Sikuzizoea. Zilikuwa zinadondoka, zinaingia chini ya magunia, halafu tarakimu zake ndogo, macho yangu hayazioni. Nikasema nchi hii inajua kauri. Savita akazitoa, bado alikuwa nazo kwenye kopo la peremende, zile zile. Na ili zisitawanyike mezani, nikaleta ungo wangu wa nyumbani nikawa nazirushia humo.

Kauri kwenye ungo, kaka. Mimi mtoto wa Kisukuma, niliyezaliwa na kukulia hapa. Mtu yeyote atakayechungulia mlangoni akamwona mama mzima ameinamia ungo wenye kauri, anazitazama, kisha anasema kwa sauti nzito kwamba naona mto, naona mtu anavuka, atafikiri nini? Sisi tulikuwa tunaona meza na chai. Hatukuwaza.

Aliyekuwa anachungulia ni Limi. Huyu ni mpangaji wangu wa chumba cha uani, binti mdogo wa watu, mke wa Makoye. Makoye alikwenda machimbo ya upande wa Geita mwaka jana baada ya pamba, akamwacha na mtoto wao Mageni akiwa bado ananyonya. Hakuleta barua wala salamu. Jumamosi Limi alikuwa akija dukani kumchambulia Savita maharage, anatuletea na chai. Alikuwa anakaa mlangoni na mtoto wake, sisi tunacheka, yeye hacheki. Mimi nilidhani hafuatilii. Baadaye nikaja kujua kwamba bibi yake, huko kwao upande wa Shinyanga, alikuwa mpiga ramli wa kutegemewa, watu wanatoka mbali. Limi alikuwa anafuatilia kila neno.

Mwezi wa tano, masika yameshaisha, nikawaambia wasafiri wangu kwamba mvua imewakuta mtoni. Jioni ile ile, kwa mapenzi ya Mungu, mvua isiyo na msimu ikaishukia Nyahanga, ikalowesha karanga za watu zilizokuwa zimeanikwa. Nilipokwenda bombani asubuhi yake, wanawake wa rika langu wakanisalimu huku wanapiga goti. Mmoja alinifuata nyumbani na kuku, akaomba nimwangalizie kama mwanawe atapata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nikamrudisha yeye na kuku wake. Nilipowasimulia wenzangu, Donatus akasema nimekosea, ningesubiri aongeze jogoo. Tukacheka. Nilipaswa kusimama kwenye jumuiya siku ile ile niseme wazi kwamba ule ni mchezo. Sikusimama. Nilijiambia kwamba maneno ya bombani hukauka yenyewe. Lakini ukweli ni kwamba kulikuwa na utamu kidogo katika kusalimiwa namna ile.

Mwezi wa saba, baba yake Limi alikuja na mkokoteni wa ng'ombe kumchukua binti yake na mjukuu. Mzee mpole sana. Alisema hamlazimishi mtu kuvaa nguo za msiba, anataka tu wakae nyumbani wapate kula, wakati habari za Makoye zinatafutwa. Chakula kipo, na dada yake Limi anahitaji mtu wa kusaidiana naye kushona. Limi alikubali. Alishaanza kufunga vyombo. Ningekaa kimya tu, kaka, leo angekuwa kwao.

Ijumaa, siku moja kabla ya kuondoka, mchana nachagua mchele, Limi akaingia kwangu. Amebeba ungo wangu mwenyewe, na zile kauri alizoziomba kwa Savita akisema nimemtuma. Akapiga magoti mbele yangu, mtoto yuko mapajani. Akaniita mayu, kama wanavyowaita mama zao. Akasema baba yake anamngoja, ila hawezi kupanda mkokoteni kabla hajajua kama Makoye yuko hai, maana akiwa hai akarudi na kukuta chumba kitupu, atasema mke wangu alinizika mapema. Nikamwambia ule ni mchezo, mwanangu, kama bao tu. Akanijibu taratibu kwamba wanaojua ndivyo wanavyosema siku zote, hata bibi yake alikuwa akiwaambia watu kwamba hizi ni kauri tu.

Nilizirusha. Nilijiambia namrushia ili anyamaze. Nikaziangalia. Na kinywa changu, kaka, kikaenda kwenye nchi yako. Nilimwambia namwona Makoye amevuka mto unaorudi ulikotoka, ndiyo maana amechelewa. Nikamwambia yuko upande wa pili wa mlima uliopasuka. Nikamwambia amekaa kwa bibi muuza uji penye njia tatu, anaulizwa habari za kwao. Na nikamalizia kwa ile kanuni. Nilimwambia maadamu unamtaja jina kwa sauti, hafi.

Limi alicheka. Sikuwahi kumwona anacheka. Meno yake ni mazuri. Akatoka uani anamwambia baba yake ageuze ng'ombe. Mzee alinitazama nikiwa mlangoni, akaondoka na mkokoteni mtupu. Haikupita wiki, Limi naye akafunga mtoto mgongoni akapanda lori la pamba kuelekea magharibi. Akasema anatafuta penye njia tatu. Mtu amemwambia Runzewe, huko upande wenu, njia zinakutana.

Onesmo amemwona. Ndiye aliyeniletea habari juzi, bila kujua ananiletea nini. Anasema kuna mwanamke mchanga anazunguka machimboni na mtoto mgongoni. Anakwenda kwenye kila duara, wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao, anasimama ukingoni, anainama na kuita chini, Makoye, Makoye wa Mageni. Wengine wanamhurumia wanampa ugali. Wengine ni watu wabaya, wanamjibu kutoka chini kwa mzaha kwamba niko hapa mke wangu, shuka. Anasema siku moja alianza kushuka kweli, wakamshika.

Sasa kaka nimefika mahali ambapo kalamu haitaki kwenda. Nimesimama mara mbili kwenda kunywa maji. Mpaka hapa unaona dada yako ni mjinga aliyeponyokwa na maneno kwa huruma. Natamani ingekuwa hivyo tu.

Makoye amekufa, na mimi nilipokuwa nazirusha zile kauri nilikuwa najua.

Siku moja kabla, Alhamisi, alipita kwangu kijana anaitwa Bujiku, mchimbaji mwenzake Makoye. Hakutaka kukutana na Limi. Alinisubiri nyuma ya choo mpaka nikatoka. Aliniambia duara liliwaporomokea Makoye na mwenzake baada ya mvua za mwezi wa nne. Walichimba siku kadhaa kuwafuata, udongo ukawa unarudi, wakashindwa. Wakafunga mahali pale, wakasimamisha msalaba wa vijiti. Kabla ya kushuka, Makoye alikuwa amevua shati na mkanda akaviacha juu, maana chini wanajifunga kamba. Shati lilichukuliwa na mtu. Mkanda Bujiku aliuhifadhi. Una matundu ya ziada aliyoyatoboa Limi kwa msumari, kwa sababu Makoye alikuwa mwembamba, haukumkaa kiunoni. Akanipa mimi kwa kuwa mimi ni mama wa jumuiya, ninajua namna ya kusema.

Nami nilijua namna ya kusema. Wewe umewahi kutumwa kazi hiyo mara nyingi kuliko mimi. Habari kama hiyo haimwagwi kama maji. Kwanza unasema mtu anaumwa. Kisha unawaita wanawake waje mmoja mmoja kama wamepita tu, mmoja amekuja kuomba moto, mwingine kuazima kinu, mpaka wamejaa, na yule mwenye msiba akiwaona wamejaa anakuwa ameshaanza kujua, ndipo mkubwa wao anasema na wengine wanamshika. Nilipanga Jumapili baada ya misa. Nilikuwa nimeshamwambia hata baba yake asubiri Jumatatu, sikumwambia kwa nini, akakataa kwa ajili ya ng'ombe wake. Mkanda niliuficha chini ya godoro. Halafu Ijumaa Limi akaja peke yake na ungo, na mimi nikiwa peke yangu, hakuna mwanamke wa kumshika. Niliona siwezi. Badala ya kusema anaumwa, nilimpeleka Makoye kwenye nchi yetu nikamwacha huko anakunywa uji.

Na hata Jumapili ilipofika sikuwaita wanawake. Ningewaambia nini, nami nimeshatabiri? Nilisoma somo la kwanza siku hiyo, kaka. Nilisoma vizuri.

Savita anajua, nilimwambia jana. Hakunigombeza. Alizichukua zile kauri na kopo lake akazifungia kwenye kabati la marehemu baba yake, kisha akasema joka letu lilikuwa na haki ya kukesha. Donatus amerudi kwenye cherehani, haulizi habari za jemadari wake.

Nilianza barua hii nikiwa na ombi moja. Nilitaka umtafute Limi, kwa kuwa wewe ni katekista na watu wa huko wanakuamini, umkalishe, umwite wifi na wanawake wenu, umwambie, na umpe mkanda uliomo kwenye kifurushi. Nilitaka pia umwambie kwamba ile kanuni ni ya mtoto aliyefiwa na mama, kwamba aliyeitunga aliita mwezi mzima na hakuitikiwa, na akaacha kuita, na Mungu hakumlaumu kwa kuacha. Nilijiambia siwezi kuja mwenyewe kwa ajili ya goti.

Si goti. Naogopa uso wake. Nimeandika kurasa zote hizi, na nimeona kwamba nilichokuwa nakuomba ni kile kile nilichokifanya Ijumaa: kumtuma mtu mwingine aende mahali pangu.

Kwa hiyo nimekifumua kifurushi. Usimdai Onesmo, hatakuwa nacho. Mkanda nitakuja nao mimi kwa lori linalofuata chumvi hii, hata kama nitakaa juu ya magunia. Wewe nakuomba mtafute tu, mlete kwako, wifi ampikie na Mageni alale mahali pakavu. Asikaribie tena mashimo. Usimwambie kitu, wala usimwambie kwamba mtu anaumwa, uongo umetosha. Mwambie Mama Melania anakuja. Akiuliza nakuja kufanya nini, usimjibu. Yeye ni mtoto wa Kisukuma, anajua mama mzima hapandi lori kutoka Kahama kuja kuazima kinu.

Na wifi awaite wanawake wake, wapite pite.

Wasalimie watoto wote, na mzee wa kigango, na yule jirani yako aliyenipa mbegu za bamia, zimeota vizuri. Niombee, kaka, na ukikasirika, kasirika kabla sijafika ili nikute umemaliza.

Mdogo wako,
Paskazia